Kadi za ABC za kupanga kozi: nyota za fedha ni rahisi kubandika, tatizo ni nani atasahihisha

Kwa wenye haraka: zipakue, zichapishe, zitumie. Kama kozi yako ina wanafunzi chini ya mia, zitakufaa zilivyo. Kama unafundisha ukumbi wa mia sita, zitumie vilevile, ila uwe na kikokotoo mezani.

Nazungumzia zile kadi zilizobuniwa na Clive Young na Nataša Perović wa chuo kikuu cha UCL, London, katikati ya miaka ya 2010, ambazo baadaye zilisambaa vyuo vingi vya Ulaya. Ni bure. Leseni yake ya Creative Commons inakuruhusu kuchapisha na kubadili upendavyo, mradi utaje zilikotoka, usizifanye biashara, na utakachobadili ukitoe kwa leseni hiyohiyo. Gharama ni ya stesheneri tu: karatasi za A3, wino wa rangi, na nyota za kubandika zile za watoto wa chekechea.

Kwa nini nimehangaika nazo? Kwa sababu miaka hii sote tunapitia mitaala. Tangu mradi wa HEET, ule wa kuboresha elimu ya juu Tanzania, uanze mwaka 2021, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ni nadra kukuta idara ya chuo cha umma isiyo na kikao cha mtaala. Na tunavijua vikao hivyo. Projekta inawashwa, hati ya Word inashushwa mstari kwa mstari, watu wazima wenye shahada za uzamivu wanabishania kitenzi cha lengo la tatu mpaka chai inapoa. Upimaji unafikiwa saa kumi jioni, kila mtu ameshachukua funguo za gari. "Kozi weki 40, UE 60, kama kawaida?" Yaani alama 40 za kazi za muhula, 60 za mtihani wa mwisho. Kama kawaida. Tunafunga.

Hakuna anayeuliza jaribio la kwanza litakuwa wiki gani, wala karatasi zitarudi lini, wala mwanafunzi atafanya nini na alichoandikiwa pembeni. Kadi hizi zinalazimisha maswali hayo, na hapo ndipo nilipozipendea.

Zoezi lenyewe ni la dakika 90 kwa timu ndogo ya wanaofundisha kozi moja. Mnaanza kwa kuieleza kozi yenu kwa sentensi moja fupi, urefu wa ujumbe wa Twitter ya zamani. Usiidharau hatua hii. Timu yetu ya DS, ile kozi ya Stadi za Maendeleo ambayo kwetu kila wa mwaka wa kwanza anaisoma, ilikwama hapo kwa muda mrefu. Mmoja aliandika kwamba kozi inamfahamisha mwanafunzi nadharia za maendeleo. Mwingine akaandika kwamba inamwezesha kusoma bajeti ya halmashauri na kuona nani kapata na nani kakosa. Hizo ni kozi mbili. Mtihani wa hii haupimi ile, na kwa miaka tumekuwa tukifundisha ya pili na kutunga mtihani wa ya kwanza.

Baada ya hapo mnapanga kadi sita kwenye karatasi kubwa, wiki kwa wiki. Kila kadi ni aina moja ya kujifunza, kwa mgawanyo wa Profesa Diana Laurillard: kupokea maarifa, kuchunguza, kujadiliana, kufanya mazoezi, kushirikiana na kuzalisha kitu. Mkigeuza kadi mnakuta orodha ya shughuli, za darasani upande mmoja, za mtandaoni upande wa pili. Sehemu hii inakwenda vizuri na sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba orodha ya mtandaoni inamdhania mwanafunzi mwenye bando lisiloisha. Nyingine tulizikata kwa kalamu tukaandika za kwetu.

Kisha zinakuja nyota. Ya fedha unaibandika palipo na upimaji wa kumsaidia mwanafunzi ajue alipo kabla hajachelewa. Ya dhahabu unaibandika palipo na upimaji unaoingia kwenye alama.

Karatasi ya DS, kwa mpangilio tuliokuwa nao, ilikuwa na nyota za dhahabu tupu. Jaribio la kwanza, dhahabu. La pili, dhahabu. Insha ya kikundi, dhahabu. UE, dhahabu. Ile 40 ambayo kwenye hati za mtaala tunaiita upimaji endelevu ni mtihani wa mwisho uliokatwa vipande ukasambazwa kwenye muhula. Mwanafunzi anapimwa, anapewa namba, anasonga mbele. Kuliona hilo kwa macho, kwenye karatasi moja mezani, kulifanya kazi ambayo semina za ualimu wa vyuo vikuu hazijawahi kunifanyia.

Basi watu wakachangamka wakaanza kubandika za fedha. Wiki ya tatu, ya tano, ya nane, ya kumi na moja. Karatasi ikapendeza. Hapo mhadhiri msaidizi, kijana aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akamgeukia kiongozi wa kozi.

"Samahani Dokta. Hizi nne za fedha, anasahihisha nani?"

"Si wewe na mwenzako?"

"Mia sita, Dokta?"

"Haya, bandua mbili."

"Hata moja, Dokta. Dakika kumi kwa karatasi ni saa mia. Na semina nazifundisha lini?"

Hesabu yake ni sahihi: dakika elfu sita. Na huo ndio upungufu mkubwa wa zana hii. Karatasi niliyochapisha haina nafasi ya idadi ya wanafunzi, wala ya saa za mwalimu, wala ya saa za mwanafunzi. Kwetu Tanzania krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ina saa 120, zikiwemo za kujisomea na kufanya mtihani. Unaweza kujaza karatasi ya ABC ikameremeta huku umempangia mtu saa 200, na hakuna mahali zana itakapokuonya. Tulichora safu mbili za ziada kwa rula, moja ya saa za mwanafunzi na moja ya saa za kusahihisha. Zilipoingia hizo, kikao kikawa cha kweli.

Tulichobakiza kwa DS ni nyota mbili za fedha ambazo hazimpi mtu karatasi mia sita. Ya kwanza iko kwenye semina: wanafunzi wanapewa majibu mawili ya mwaka jana yaliyofutwa majina, wanayapa alama kwa jedwali la vigezo tutakalotumia sisi, wanabishana kwa nini moja ni B na jingine ni D, halafu wanarudi kwenye rasimu zao. Ya pili: wahadhiri wasaidizi wanasoma insha arobaini tu, wanaandika ukurasa mmoja wa makosa yanayojirudia, ma-CR, yaani wawakilishi wa darasa, wanausambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Si mrejesho wa mtu mmoja mmoja, najua. Lakini unafika insha ikiwa bado haijakusanywa, na hilo linazidi maoni mazuri yanayofika mtu akiwa ameshapanda basi la kwenda kwao.

Kozi yangu ya mwaka wa tatu ya uandishi wa maandiko ya miradi ni ndogo, na huko kadi zilikaa kama zimetengenezewa sisi. Dokezo la kurasa mbili wiki ya nne, fedha. Bajeti na jedwali la kazi wiki ya saba, fedha. Andiko kamili wiki ya kumi na mbili, dhahabu. Utetezi wa mdomo mbele ya mtu wa shirika la wilayani, dhahabu. Kila hatua inajengwa juu ya iliyotangulia, na hata anayepeleka dokezo lililoandikwa na ChatGPT anajikuta hana la kujibu akiulizwa bei ya mfuko wa saruji alikoitoa.

Huku nikaongeza sharti ambalo halimo kwenye maelekezo, na nakushauri ulichukue: kila nyota ya fedha lazima itolewe mshale wa kalamu ya risasi mpaka kwenye kazi ya mbele ambapo maoni yatatumika. Nyota isiyo na pa kuelekeza mshale inabanduliwa. Msomi wa Australia Royce Sadler alishaandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi anahitaji kujua kiwango kinachotakiwa, kulinganisha kazi yake na kiwango hicho, kisha kufanya jambo la kuziba pengo. Kadi zinakusaidia kwa mawili ya kwanza. La tatu, la kufanya jambo, zinakuachia mwenyewe, na ndilo tunaloliruka. Tunaandika "fafanua zaidi" kwa wino mwekundu kwenye karatasi ambayo mwanafunzi hataigusa tena.

Kuhusu uchapishaji: usikubali kadi nyeusi na nyeupe, rangi ndizo zinazokuonyesha kwa jicho moja kwamba wiki sita mfululizo ni mihadhara mitupu. Funika kadi kwa nailoni, karatasi kubwa iache wazi ili uweze kufuta. Na piga picha kabla mhudumu hajaja kupanga meza kwa chakula cha mchana.

Dakika 90 hazitoshi kwa timu inayokutana na zana hii mara ya kwanza. Tenga asubuhi nzima. Asikose mhadhiri msaidizi, na umpe nafasi ya kusema mapema, maana yeye ndiye anayejua kusahihisha kunachukua muda gani.

Daraja ninalozipa: B+. Safu ya saa ikiwekwa kwenye karatasi yenyewe, nitapandisha.

Mkienda kuzijaribu, beba pia mtihani wa mwaka jana na karatasi tano zilizosahihishwa, nzuri na mbaya. Ziweke mezani kabla ya kadi, msome mlichowaandikia wanafunzi pembeni, ndipo mfungue pakiti ya nyota.