Matthiessen msomeni, ila yule muuza vitabu Mungu anamuona

Nilikisaka Sand Rivers cha Peter Matthiessen kwa muda mrefu. Ni kitabu cha 1981, kinahusu safari yake ndani ya Selous, lile pori kubwa la wanyama kusini mwa Tanzania, na kukipata hapa Dar ni shughuli. Kijana mmoja wa vitabu vya mtumba akasema anacho. Akanirushia picha ya jalada, safi kabisa. Masharti yake unalipa kwanza, nikalipa, bodaboda akaleta jioni.

Kufungua, picha hakuna! Picha zote za Hugo van Lawick, ambazo ni nusu ya utamu wa kitabu hiki, zimekatwa kwa wembe. Mkato umenyooka, karibu na mshono, umebaki ukingo mwembamba tu wa karatasi ya kung'aa. Mtu alikaa chini, akatulia, akafanya kazi yake. Naapa saa hizi ziko kwenye fremu, kuna mtalii anauziwa.

Nikampigia. "Dada yangu, si ulitaka kusoma? Maandishi yote yamo, wewe hesabu kurasa." Nihesabu kurasa! Nikadai hela yangu. Eti hela ishaingia kwenye mzigo mwingine, nichague kitabu kingine, vya mapishi anavyo vingi. Halafu akaniuliza, tena kwa sauti ya kunionea huruma, kwani tembo si wapo kwenye tivii?

Basi nikakisoma nimenuna, na kila kitu kikanikera. Anayemwongoza Matthiessen ni Brian Nicholson, mzungu aliyewahi kulisimamia pori hilo, mfuasi wa Ionides, yule bwana wa kukamata nyoka. Watu walihamishwa huko enzi za Mwingereza, sababu ikatajwa malale, wanyama wakabaki na nchi. Nilitaka Nicholson abanwe hapo hadi atoe jasho. Kwa maoni yangu Matthiessen amemlea mno.

Lakini sehemu ya mwisho wanaacha magari, wanaingia kwa miguu na wapagazi. Jamani. Hapo nilisahau hata kununa. Huyu mtu anajua kutembea kwenye karatasi: ile mito iliyokauka juu, maji yako chini ya mchanga, unatembea humo na sikio liko kwenye vichaka. Miaka ya 1970 tembo wa Selous walipita laki moja. Sensa ya 2013 ilikuta kama elfu 13. Sasa sehemu kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Stiegler's Gorge kumesimama bwawa la umeme. Ukisoma ukiwa na hayo kichwani, unasoma kama barua ya marehemu.

Kwa hiyo nakipendekeza? Ndiyo. Mwenye haraka aanze na The Tree Where Man Was Born, cha 1972, kina Serengeti, Ngorongoro na Wahadza wa Eyasi, na ni rahisi zaidi kupatikana.

The Snow Leopard, cha 1978, ndicho nilichokuwa nawaambia watu ni bora kuliko vyote. Anapanda milima ya Nepal mwaka 1973 na George Schaller, mtaalamu wa wanyama, chui wa theluji mwenyewe hamwoni, na bado huwezi kukiweka chini. (Ndiyo, ni huyuhuyu aliyekiri kwamba ujanani aliitumikia CIA, majasusi wa Marekani, kule Paris.) Safari hii nimekirudia na hasira zangu za mtumba, nikakwama kwa mtoto. Mkewe amefariki, hata miaka miwili haijaisha, mtoto wa miaka 8 amebaki nyumbani Marekani, yeye yuko mlimani anatafuta utulivu wa nafsi. Baba gani huyo? Anajua kosa lake na analiandika wazi, sikatai, ila kujua si kurudi nyumbani. Nilikuwa nakipa nyota tano. Leo nne, na hiyo nne msinishikie, maana ile sura ya Shey, kule kwenye monasteri, nimeisoma tena jana usiku.