Wakili wa bure kwenye kesi ya mauaji Tanga: hodari mahakamani, ila anafika kesi imeshaiva

Mtu akikamatwa kwa mauaji, awe ametolewa Ngamiani, Pongwe au huko Mkinga, swali la kwanza la ndugu huwa ni wakili bei gani. Kwenye kosa hili wakili yupo hata kwa asiye na senti. Adhabu yake ni kunyongwa na sheria haimwachii jaji nafasi ya kuchagua nyingine, kwa hiyo Mahakama Kuu haisikilizi kesi ya mauaji mshtakiwa akiwa peke yake. Anateuliwa wakili wa kujitegemea na analipwa na serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeupa utaratibu huo mguu wa kusimamia. Hiyo ndiyo huduma inayopimwa hapa, na inapimwa kwa jicho la mtu mmoja tu: yule ambaye hakuua, wakati aliyeua hajulikani.

Bei kwanza, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Huduma ni bure, kuanzia kusomewa shtaka Mahakama Kuu hadi hukumu. Wakili aliyeteuliwa akidai nauli, hela ya faili au "ya kumwona mtu fulani", msitoe. Mweleze Naibu Msajili wa Mahakama Kuu kwa maandishi, mkitaja namba ya kesi. Mshtakiwa mwenyewe pia anaweza kumwambia jaji kwamba haelewani na wakili wake, na mahakama ina uwezo wa kuteua mwingine.

Sasa kasoro kubwa, na hii ndiyo ya kuielewa vizuri. Wakili huyu kwa kawaida anaingia kesi ikishafika Mahakama Kuu. Kabla ya hapo kuna safari ndefu. Mtuhumiwa anahojiwa polisi, kisha anapelekwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambako anaambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza mauaji. Dhamana hakuna. Anapelekwa mahabusu Gereza la Maweni, halafu kila baada ya wiki mbili hivi karandinga linamleta, kesi inatajwa, wakili wa serikali anasema upelelezi haujakamilika, linamrudisha. Hali hiyo inaweza kwenda miezi, na wengine miaka. Mkurugenzi wa Mashtaka akiridhika ndipo hati ya mashtaka inapelekwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa anakabidhiwa huko rasmi.

Katika muda wote huo upande wa mashtaka una mpelelezi. Mtuhumiwa hana mtu. Ushahidi wa kumtoa asiye na hatia nao hauna subira: kamera ya duka inajifuta yenyewe diski ikijaa, kondakta wa basi anahamia njia nyingine, mlinzi wa zamu ile anaacha kazi, na shahidi aliyekuwa na uhakika wa saa anabaki na "ilikuwa jioni jioni". Wakili anapofungua faili, mara nyingi cha kufanya kimebaki kimoja, kuwabana mashahidi wa serikali. Hilo mawakili wengi wa hapa wanaliweza. Lakini kubana shahidi si sawa na kuleta ushahidi wako.

Kwa hiyo pengo hilo wanalijaza ndugu, na wiki ya kwanza ndiyo yenye thamani. Msianze kwa kutafuta "anayemjua mkubwa". Chukueni daftari mwandike: mtu wetu alikuwa wapi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nani, na kitu gani kinaonyesha hivyo. Ujumbe wa muamala wa simu una tarehe na saa. Tiketi ya basi kutoka Kange, daftari la zamu kiwandani, kadi ya kliniki, risiti ya gesti, vyote vipigwe picha na asili yake ihifadhiwe. Kwa kitu cha kielektroniki, muulizeni mwenye mfumo kama atakuwa tayari kuapa kwamba nakala ile ilitoka kwenye mashine yake na haikuguswa, maana ushahidi wa namna hiyo unapimwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na karatasi iliyochapwa stesheneri bila maelezo hayo hupingwa kirahisi. Rekodi za simu kutoka kampuni ya mtandao ndugu hawapewi. Hizo ziombwe kwa amri ya mahakama, na wakili aambiwe siku ile ile anayoteuliwa.

Utetezi wa kwamba mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio una masharti yake, na wengi wanaupoteza kwa kuuchelewesha. Taarifa itolewe kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ikishindikana, maelezo kamili yatolewe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Ukiuibua siku ya kujitetea, mahakama ina hiari ya kutoupa uzito wowote. Mahali pazuri pa kuanzia ni siku ya kukabidhiwa, hakimu anapomuuliza mshtakiwa mashahidi wake ni akina nani. Wengi wanajibu "sina" kwa kuwa hakuna aliyewaandaa. Andikeni majina mapema, mpeni mshtakiwa siku ya kumtembelea ayakariri. Na likae wazi: hata akileta utetezi huo, kazi ya kuthibitisha kosa inabaki kwa serikali.

Siku hiyo hiyo ya kukabidhiwa, maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo husomwa kwa sauti. Ndugu mmoja mwenye mwandiko wa haraka akae nyuma aandike kila kilichosomwa. Msimamo wa Mahakama ya Rufani ni kwamba hati ambayo maudhui yake hayakusomwa siku ile haipokelewi baadaye kwenye kesi, mpaka itolewe taarifa rasmi. Wakili mzuri analinganisha orodha hiyo na kinachotolewa mbele ya jaji. Mshtakiwa ana haki ya kupata nakala ya mwenendo huo, na aidai.

Ni akina nani wanaokamatwa kimakosa? Mara nyingi ni mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, mtu aliyegombana naye, au mtu aliyekutwa na simu yake. Huyu wa simu anastahili maelezo, maana yanawakuta vijana wengi. Simu ya marehemu inafuatiliwa kwa namba yake ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe hata laini ikibadilishwa, na inampata aliyeinunua mkononi kwa bei poa. Mahakama inaweza kumchukulia mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa karibuni kuwa ndiye mwizi, na kama wizi ulikwenda na mauaji, ndiye muuaji. Lakini upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba mali imekutwa kwake kweli, imetambuliwa bila shaka kuwa ya marehemu, iliibwa muda si mrefu uliopita, na ndiyo inayohusika na shtaka. Mnunuzi naye anapona kwa maelezo ya kuaminika ya aliipataje: jina la muuzaji, namba yake, muamala wa malipo, aliyekuwepo. Aliyenunua kwa taslimu bila karatasi yupo pabaya, hata awe msafi kiasi gani.

Mahojiano ya polisi ndiyo yanayoamua kesi nyingi, na wakili wa kuteuliwa hayupo pale. Muda wa msingi wa kumhoji mtu aliyekamatwa ni saa 4, na unaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8 kwa utaratibu uliowekwa. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Ndugu wakifika Chumbageni au kituo chochote, waulize kwa adabu amekamatwa saa ngapi, ameandikwa maelezo saa ngapi na nani, waandike. Akionekana na majeraha, waombe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, atibiwe hospitali, Bombo au nyingine. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema siku maelezo ya onyo, yaani yale aliyoandikwa polisi, yatakapoletwa mahakamani. Pingamizi kwamba maelezo yalitolewa kwa kipigo au vitisho litolewe kabla kielelezo hakijapokelewa. Hapo jaji anaendesha kesi ndani ya kesi, na upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kwamba mtu alisema kwa hiari. Wakili akinyamaza wakati huo, kulalamika baadaye hakusaidii sana.

Kwenye utambuzi ndipo huduma hii inapong'aa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980, ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usiku haukubaliwi mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Tuseme shahidi anadai alimwona mshtakiwa kwa mwanga wa taa ya sola barazani. Wakili anayejua kazi haulizi "una uhakika?". Anauliza taa ilining'inizwa wapi, ilikuwa inaangaza upande gani, ilichajiwa lini, wewe ulisimama hatua ngapi, ulimtazama usoni au mgongoni, kwa muda gani, kati yenu palikuwa na nini, ulikuwa unamfahamu kabla. Kisha anauliza lililo zito kuliko yote: usiku ule ule majirani walipokusanyika, ulimtaja? Kwa mwenyekiti wa mtaa ulimtaja? Shahidi aliyekaa siku kadhaa ndipo akakumbuka jina anatiliwa shaka kubwa. Ndugu wanaweza kusaidia kwa kwenda mahali pale saa ile ile ya usiku na tepu ya kupimia, wakapiga picha na kuandika umbali. Wasimsogelee shahidi wa serikali. Kumshawishi shahidi ni kosa la jinai, na litaichafua kesi ya mtu wenu.

Kama shahidi hakumfahamu mtu kabla, panatakiwa gwaride la utambulisho. Kanuni za polisi zinataka watu wasiopungua 8 kwa mtuhumiwa mmoja, wanaofanana naye kwa umri, kimo na mavazi. Mtuhumiwa anachagua mwenyewe pa kusimama, na shahidi asiwe amemwona kabla. Hapa ndugu wanajiumiza wenyewe: wanasambaza picha ya mtu wao kwenye magrupu ya WhatsApp wakiomba dua. Shahidi akishaiona, mtamlaumu nani akimnyooshea kidole?

Eneo ambalo huduma hupwaya ni ushahidi wa kitaalamu. Ripoti ya daktari wa maiti huachwa ipite bila swali, wakati mshtakiwa ana haki ya kuelezwa na mahakama kwamba anaweza kuomba daktari aitwe kuhojiwa. Saa ya kifo na aina ya jeraha vinaweza kuubeba utetezi mzima wa mtu aliyekuwa Korogwe wakati huo. Sampuli zilizopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali nazo ziulizwe: nani alichukua, nani alifunga, nani alipokea, karatasi zao zipo wapi. Nguo yenye "damu ya binadamu" haisemi ni damu ya nani. Ndugu, mwulizeni wakili kuhusu ripoti ya daktari na sampuli hizo kabla ya siku ya kusikilizwa. Jibu lake litawaonyesha kama amelisoma faili.

Wenye uwezo wa kuweka wakili wa kulipia wanapata kitu kimoja cha maana kuliko vingine, nacho ni wakili anayeanza siku ya kukamatwa. Kama fedha ni kidogo, ni bora kulipia ushauri wa siku chache za mwanzo kisha mwisho wake kuuacha kwa wakili wa kuteuliwa, kuliko kusubiri mje kulipia utetezi. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hawasimami mahakamani, lakini kuandika barua, kufuatilia tarehe na kueleza hatua wanaweza, tena bila malipo. Hukumu zilizopita za Kanda ya Tanga zinasomeka bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania. Tafuteni za mauaji yenye mazingira kama yenu, mmpelekee wakili.

Kuhusu matokeo, tofautisheni. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shtaka, mtu anatoka lakini hajasafishwa: anaweza kushtakiwa tena. Jaji akisema hana kesi ya kujibu, au akimwachia huru baada ya utetezi, hapo amesafishwa, isipokuwa serikali ikikata rufaa. Akitiwa hatiani, taarifa ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 30, na msidhani wakili wa kuteuliwa ataendelea naye moja kwa moja. Ulizeni siku ile ile ya hukumu. Fidia ya miaka ya mahabusu haiji yenyewe. Kuna kesi ya madai ya kushtakiwa kwa hila, ambayo inataka uthibitishe nia mbaya, na hiyo huduma hii haiigusi.

Na kuna familia moja ambayo huduma hii haina chochote kwa ajili yake: ya marehemu. Mshtakiwa akiachiwa, wao wanarudi nyumbani bila muuaji na bila wakili, na mara nyingi wanaendelea kumchukia mtu asiyehusika. Kuachiwa kwa mmoja hakufuti kosa, na jinai ya mauaji haina muda wa kuisha. Waandike barua kwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, nakala Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, waambatishe hukumu, wataje kila jambo ambalo jaji alisema halikuchunguzwa: simu ambayo haikufuatiliwa, shahidi ambaye hakuitwa, kielelezo ambacho hakikupimwa. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala yao wabaki nayo, na wafuatilie kwa namba ya kumbukumbu.