Semina ya Zaka, Jioni Tatu Chang'ombe: Nilichopata kwa Shilingi 3,000

Nimekaa na jambo hili wiki mbili kabla ya kuliandika, maana zaka, yaani fungu la kumi, kwangu si mada ya kubishania. Iliwahi kunimalizia mtaji. Anayetaka kujua kama semina hii inafaa asome akijua kwamba mwandishi ni mama muuza karanga na mtama soko la Majengo hapa Dodoma, Mkristo tangu utotoni, ambaye Biblia anaisoma kwa kuipenda na chuo cha theolojia hajapita.

Semina ilikuwa ya jioni tatu, Jumatano mpaka Ijumaa, kwenye ukumbi wa kanisa moja maeneo ya Chang'ombe. Kiingilio hakuna. Kitini kiliuzwa 3,000, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha ilikuwa bure. Ratiba ilisema saa kumi na moja jioni, lakini siku ya kwanza tulianza saa kumi na mbili kasoro robo, na sisi tuliofunga meza mapema tuliumia, kwa sababu saa hiyo ndiyo ya wateja wanaotoka kazini. Siku mbili zilizofuata walishika muda. Spika ya upande wa kushoto ilikuwa inakwaruza mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo ukienda, kaa kulia.

Mwalimu ni mchungaji mstaafu, Mgogo wa huku huku, mzee anayelima bado. Alisimama akasema "Mbukwenyi!" na ukumbi ukaitikia, wenyeji na watumishi wa wizara waliohamia Dodoma juzi juzi. Hakuanza na kitabu cha nabii Malaki. Nilishangaa, kwa sababu semina zote za utoaji nilizowahi kuhudhuria huanzia Malaki sura ya tatu na hapo hapo huishia.

Alianza na mtama. Walikuwa wametandika turubai mbele ya madhabahu, na juu yake debe mbili za mtama mweupe. Akamwita kijana, akampa sado, akamwambia apime mafungu kumi. Kijana akapima, na mzee akawa anamrudisha kila alipozidisha au kupunja: "Futa juu kwa mkono, usibonyeze." Mimi napima sado kila siku, nilijua anachofanya. Mafungu yalipotimia kumi akaweka mkono juu ya lile la mwisho. Hili, akasema, ndilo la Walawi, kitabu cha Hesabu sura ya 18. Kabila la Lawi halikupewa ardhi kama makabila mengine, kazi yao ilikuwa kuhudumia hema, na riziki yao ndiyo hii. Halafu akachukua kikombe cha chai, akaligawa fungu lile lile mara kumi, akatenga kikombe kimoja pembeni. "Na Mlawi naye anatoa zaka. Hiki kinakwenda kwa Haruni kuhani."

Nimesoma Hesabu 18 mara nyingi. Sikuwahi kukiona kile kikombe. Anayepokea zaka naye anatoa zaka, tena imeandikwa kwamba atoe katika kilicho bora.

Kutoka hapo akaturudisha nyuma, kwa Abramu aliyempa kuhani Melkizedeki fungu la kumi alipotoka vitani (Mwanzo 14), kisha Yakobo aliyeweka nadhiri pale Betheli (Mwanzo 28). Zote mbili ni kabla ya Torati ya Musa. Wapo wanaosema hiyo inathibitisha kwamba zaka si ya sheria tu, na mwalimu aliipa hoja hiyo uzito wake. Lakini alituonyesha pia kwamba Abramu alitoa katika nyara, mara moja, na hatusomi popote kwamba aliamriwa. Yakobo naye aliweka masharti: Mungu akiwa pamoja nami, akinipa chakula nile na nguo nivae. Akasema tusiwapachike wazee wetu wa imani daftari la kila mwezi ambalo maandiko hayawapi. Hapo wengine waliguna. Mimi niliandika.

Sehemu iliyonishika zaidi ni Kumbukumbu la Torati 14. Naomba kila mtu aisome yote, kuanzia mstari wa 22 mpaka 29. Mwenye shamba anaambiwa ale zaka ya nafaka yake, divai na mafuta mbele za Mungu, yeye na nyumba yake, kwa furaha. Akiwa mbali, auze, afunge fedha mkononi, akifika mahali pale anunue ng'ombe au kondoo au chochote roho yake inachotamani, washerehekee, na Mlawi asisahauliwe. Na kila mwisho wa mwaka wa tatu zaka haisafiri. Inawekwa pale pale malangoni, katika mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Walimu wa Kiyahudi walikuja kuzihesabu kama zaka zaidi ya moja. Yosefo, mwanahistoria wa karne ya kwanza, anataja tatu. Ukijumlisha, asilimia kumi zimepitwa zamani.

Mzee alikaa sana kwenye mwaka wa tatu. Alituuliza kama kuna aliyesimuliwa na wazee habari za Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Mikono michache ikanyooka, na wangu mmojawapo, maana bibi yangu alizaliwa kwa watu walioponea chupuchupu. Nchi yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na ukikosea umekosea mwaka mzima. Akasema, "Sasa fikirieni kihenge cha kijiji kilichojazwa kwa amri ya Mungu kwa ajili ya mjane." Hakuongeza neno. Aliacha tukae nacho.

Jioni ya pili ndiyo niliyoifuata. Lazima nieleze kilichonipeleka.

Miaka minne iliyopita nilikuwa katika kikundi kimoja cha maombi, sikitaji. Tulifundishwa kwamba zaka hutolewa kwenye kila shilingi inayopita mkononi, na anayetoa pungufu ni mwizi wa Mungu. Nikashika, maana namwogopa Mungu. Gunia la karanga nilikuwa nanunua 280,000. Usafiri, ushuru na mifuko, 15,000. Nikiuza kwa sado na kwa kikombe hadi liishe napata 330,000. Faida 35,000. Zaka ya mauzo ni 33,000. Kwa gunia zima, nyumba yangu ikabaki na 2,000. Nilianza na magunia manne, baada ya miezi nikawa na moja, nalo la mkopo wa kikoba. Nilipoeleza shida yangu nikaambiwa imani yangu ndogo, nipande mbegu, yaani nitoe fedha zaidi ili nibarikiwe. Nililia usiku mwingi nikimwuliza Mungu nimemkosea wapi.

Basi muda wa maswali ulipofika nikasimama. "Shikamoo Baba Mchungaji." "Marahaba mama." Nikamwuliza: zaka ya mfanyabiashara ni ya mauzo au ya faida?

Hakunijibu. Aliniuliza gunia nanunua bei gani, nauza bei gani, akaandika ubaoni hesabu ile ile niliyowapa hapa. Kisha akaniambia nisome kwa sauti Kumbukumbu la Torati 14:22. Nikasoma mpaka kwenye maneno "maongeo yote ya mbegu zako". Akanisimamisha.

"Maongeo ni nini mama?"

"Ni kilichoongezeka."

"Na mbegu uliyoipanda?"

"Hiyo ilikuwepo, Baba."

"Ilikuwepo. Mwaka jana ilikuwa zao, na ilitolewa zaka yake. Mtaji wako ndiyo mbegu yako. Usiile, na usiitoe zaka mara ya pili."

Nilikaa chini magoti yakinitetemeka. Mama aliyekuwa nyuma yangu, muuza vitenge, akanishika bega hakusema kitu. Kwa dakika hizo tano peke yake ningelipa elfu thelathini.

Kijana mmoja wa wizara, beji bado shingoni, akauliza ya mshahara: kabla ya makato au baada? Hapa mwalimu alisema wazi kwamba Torati inazungumzia mazao na mifugo, mshahara haumo, na yeye hatatunga mstari. Akampa 2 Wakorintho 9:7, kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Wapo waliotoka wananung'unika kwamba hakujibu. Mimi nasema alijibu. Mwalimu anayekataa kuongeza maneno kwenye Biblia ni wa kumheshimu.

Malaki alifika Alhamisi hiyo hiyo, usiku umeingia. "Leteni zaka kamili ghalani, ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Akatuambia tuseme wote neno moja: chakula. Ghala lilikuwa vyumba vya hekaluni, na Nehemia 13 inaonyesha hali ilivyokuwa ghala likiwa tupu: Walawi walikimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia akarudisha zaka, kisha akaweka watunza hazina wanne waliohesabiwa kuwa waaminifu, wawagawie ndugu zao. Wanne, na majina yao yameandikwa. Niliwaza vikundi vingi ninavyovijua ambavyo mtunza hazina ni mmoja na hasomi taarifa.

Hapa ndipo nina lawama kwa kitini. Kina kurasa 24, fotokopi iliyofifia, na kwenye Malaki kimeanzia mstari wa 8. Mstari wa 5 hakimo, na huo ndio wenye orodha ya wanaoshtakiwa: wanaomwonea mwajiriwa kwa mshahara wake, mjane, yatima, na wanaompotosha mgeni. Ni watu wale wale wa kihenge cha mwaka wa tatu! Huwezi kufundisha "mtamwibia Mungu" ukawaacha hao nje. Nilimwendea mwalimu baada ya kipindi nikamwonyesha, akakubali, akasema toleo lijalo litarekebishwa. Ninamwamini.

Jioni ya tatu ilikuwa ya Agano Jipya, na niseme ukweli, ilikimbizwa. Mathayo 23:23 ilistahili saa nzima. Yesu anawaambia Mafarisayo mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, mmeacha adili, rehema na imani. Haya iliwapasa kuyafanya wala yale mengine msiyaache. Dada mmoja akauliza: si ameamuru zaka hapo? Mwalimu akajibu kwamba Yesu alisema na watu wa Torati, hekalu likiwa bado limesimama, kisha akaita swali jingine. Jibu hilo lina nguvu, lakini dada yule aliondoka bila kuridhika, na wanaoshikilia upande wake ni wengi na si wajinga. Waebrania 7 nayo ilipewa dakika kumi tu, wakati ndiyo sura inayomrudisha Melkizedeki.

Alipopata nafasi ya kutulia ilikuwa kwa Paulo. Barua zake zinazungumzia fedha mara nyingi na hakuna hata moja inayowaambia Wakristo watoe asilimia kumi. Kuna kuweka akiba siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa (1 Wakorintho 16:2). Kuna Wamakedonia waliotoa kupita uwezo wao wakiwa maskini sana. Kuna haki ya wahubiri wa Injili kupata riziki kwa Injili, 1 Wakorintho 9. Na kuna 2 Wakorintho 8:20, ambapo Paulo mwenyewe anajihadhari asilaumiwe kwa fedha alizokabidhiwa. Zaka kuwa amri ya kanisa yenye adhabu, alisema, ilikuja baadaye sana huko Ulaya: Baraza la Mâcon, mwaka 585, liliagiza zaka na kutishia kuwatenga wasiotoa, na mfalme Charlemagne akaifanya sheria ya dola mwaka 779.

Msimamo wake ni kwamba kwa Mkristo fungu la kumi ni kipimo kizuri cha kuanzia, kama sado: kinakusaidia usijidanganye. Wenye nyingi wasiishie hapo. Na asiye na maongeo asisimamishwe mbele ya watu. Nakubaliana naye, ingawa najua mchungaji wangu hakubaliani, na jirani yangu Mkatoliki anayetoa zaka kupitia jumuiya angekuwa na la kuongeza.

Hakukuwa na kupanda mbegu. Kapu lilipitishwa mara moja, Ijumaa, kwa ajili ya ukumbi na umeme, na kabla hatujaondoka kijana akasoma kilichopatikana na kilichotumika.

Nawashauri waende hasa kina mama na vijana wa biashara ndogo, na watunza hazina wa makanisa kuliko wote. Anayetafuta uchambuzi wa Kiebrania na Kigiriki hataupata. Beba Biblia yako na kalamu, vitini viliisha siku ya kwanza.

Jumamosi iliyofuata faida ya wiki ilikuwa 62,000. Nikatenga 6,200, nikaiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati isubiri Jumapili. Kisha nikapima sado moja ya mtama, nikafuta juu kwa mkono, binti yangu akaipeleka kwa bibi wa nyumba ya tatu anayelea wajukuu. Aliporudi akauliza aiandike kwenye mstari wa zaka au wa sadaka. Sikuwa na jibu. Mwalimu alisema semina itarudi baada ya mavuno, nitasimama tena.