Just Mercy (2019), itafuteni muiangalie

Hii muvi nilienda kuwekewa kwenye flashi huku Sakina, Arusha, nikaiangalia na mama usiku, tumekuja kumaliza saa saba na chakula kimepoa jikoni. Ni kesi iliyotokea kweli, Alabama huko Marekani. Walter McMillian, mzee mweusi wa kukata magogo, anakamatwa 1987 kwa mauaji ya binti wa kizungu wa miaka 18, alafu wanamweka na wafungwa wa adhabu ya kifo HATA KESI HAIJAANZA. Aisee. Na siku ya tukio alikuwa kwake, wamejaa watu uani wanakaanga samaki wa kuchangia kanisa. Mama akauliza, "Sasa hao wote waliokula samaki hawana macho?" Macho wanayo mama, ila ni weusi, na upande wa pili kuna mfungwa mmoja mzungu kafundishwa cha kusema na akaaminiwa yeye. Kaja kukiri alidanganya, bado jaji wa palepale akakataa!

Na kilichoniuma kuliko vyote, wale raia 12 waliosikiliza kesi walisema afungwe maisha, jaji akageuza mwenyewe ikawa kifo, na sheria ilimruhusu, Alabama wamekuja kuifuta 2017.

Jamie Foxx, anayeigiza McMillian, kaigiza balaa humu. Kuna sehemu jirani yake wa seli anashindwa kupumua kwa woga, anamtuliza kupitia ukutani, fumba macho, vuta pumzi, fikiria miti ya misonobari. Siku huyo jirani anapelekwa kwenye kiti cha umeme wafungwa wote wanagonga vikombe kwenye nondo, hapo mama alinyanyuka akatoka nje.

Wakili wa McMillian, anayeigizwa na Michael B. Jordan, wamemnyoosha mno hadi hakosei kitu, na katikati inavuta kidogo.

Ila sisi wa Arusha inatuhusu, Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ipo hapahapa mjini na mwaka huohuo 2019 ilisema sheria yetu ya kumlazimisha jaji atoe kifo kwa kila mwenye hatia ya mauaji inavunja haki ya kuishi. McMillian alitoka 1993, miaka sita kakaa anasubiri kufa, sasa kama wangewahi?

Mama anataka Jumapili tuirudie na baba mdogo, yeye alikaa rumande miaka miwili kwa kesi iliyokuja kufutwa. Nimemwambia sawa, ila ile ya vikombe tutairuka.