NVDA imenyamaza, video inacheza: tulitafute dirisha la VLC

Habari zenu ndugu zangu, na wazee wangu mnaonisikiliza, shikamooni. Niko nyumbani Temeke, honi za daladala mtazisikia, nivumilieni. Leo tunaichambua VLC, programu ya kuchezea video, kwa sisi tusioona, tunaoendesha kompyuta kwa NVDA, programu inayotusomea skrini kwa sauti.

Wiki iliyopita alinipigia mdogo wangu mmoja wa Mbagala, haoni kama mimi. Video ya somo inacheza, anamsikia mwalimu vizuri, ila NVDA kimya. Anabonyeza Alt, kimya. Tab, kimya. Akaibeba laptopu hadi Kariakoo kwa fundi, fundi akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Notsi za muhula mzima zikaenda na maji. Imeniuma sana, maana mashine haikuwa na ubovu. Ni dirisha tu lilibadilika, tena kwa kidole chake mwenyewe.

Ukimya huo una sababu tatu. Ya kwanza sikilizeni, nafanya hapa hapa. Video inacheza. Nabonyeza herufi F. Mmesikia chochote? Hakuna. Anayeona ameona picha imejaa skrini nzima na menyu zimetoweka, mimi sijaambiwa neno. Sasa nabonyeza Esc, halafu Insert pamoja na T. Haya, imesoma jina la video, ikamalizia "VLC media player". Hapo najua nimesimama ndani ya dirisha lenyewe. Nagusa Alt... "Media". Menyu imerudi.

Ya pili ni Ctrl na H. Hii inaficha menyu na vitufe vyote hata kama hujajaza skrini, na mkono ukiteleza kidogo tu umeshaibonyeza. Dawa yake ni Ctrl na H tena.

Ya tatu inatesa wengi, na haiihusu VLC kabisa. Insert, Shift na S huilaza NVDA kwenye programu uliyomo, hiyo moja tu. Toka kwa Alt na Tab uende programu nyingine. Ikiongea huko, ukirudi kwenye video ikanyamaza, basi imelala. Iamshe kwa vitufe hivyo hivyo, ukiwa ndani ya programu iliyonyamaza. Ikiwa kimya kila mahali, jaribu Insert na S, huenda umezima usemaji wenyewe.

Na kama inaongea ila mwalimu anaifunika, Insert, Shift na D hupunguza sauti nyingine kila NVDA inaposema. Ila lazima uwe umeisakinisha kwenye mashine. Ile ya kubeba kwenye flashi haifanyi hivyo.

Sasa hukumu yangu. Kwa video, VLC naipenda: ni ya bure, inafungua karibu kila faili unaloletewa, na kibodi inatosha kwa kila ninachohitaji. Kinachonikera ni muda. Ukibonyeza T, dakika zinachorwa juu ya picha, na NVDA haisomi kilichochorwa kwenye picha. Mimi natumia Ctrl na T, naandika dakika ninayotaka, inanipeleka.

Kwa mawaidha, vitabu vya sauti na muziki, nimehamia foobar2000, programu ya kuchezea sauti. NVDA imeandaliwa kuielewa: Ctrl, Shift na E inakutajia muda uliokwisha kupita, na ukiweka R badala ya E, uliobaki. Haishangazi sana. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, wote wawili hawaoni. Wanajua kero ya kutojua umebakiza dakika ngapi. Na programu yao hatulipii hata senti.

Mkikwama, niulizeni kabla ya kumpa mtu laptopu aifute. Ila anzeni kwa kuniambia Insert na T imesoma nini. Bila hilo siwezi kujua mko kwenye dirisha gani.