Siku moja ya kuwinda kaskazini mwa Maine, Marekani: mbwa nyota tano, chakula nyota moja

Kama unachotafuta ni nyama, kanunue kuku. Sisi wawili tumelipa dola 450 kwa siku, na ndege mwenyewe hata akinenepa hafiki kilo. Anaitwa ruffed grouse, wa ukoo mmoja na kwale wetu. Wenyeji wa Maine wanamwita partridge. Nyama yake ni marufuku kuuzwa, kwa hiyo mkahawani humpati.

Pesa yetu mimi nahesabu imemwendea mbwa. Setter jike, kengele shingoni, anapenya vichaka ambavyo wewe unapita umejikunja. Kengele ikinyamaza, habari ndiyo hiyo: keshanusa, kasimama. Unasogea polepole, mara ndege anaruka kwa mshindo wa kukutoa roho, anakata nyuma ya mti, kwisha. Sheria inaruhusu wanne kwa mtu kwa siku. Sisi wawili kwa jumla tulirudi na watatu, na sioni aibu.

Mwongozaji kazi anaijua. Msitu mkubwa wa kupigia picha tuliupita tu. Alitupeleka palipokatwa magogo miaka ya karibuni, miti michanga ya aspen imebanana, kisha kwenye shamba lililotelekezwa lenye mitufaha. Ndege wa kwanza alimpasua gole akatuonyesha: majani ya klova na vipande vya tufaha. Nilipomweleza kwamba tunapiga bismillahi kabla ya kufyatua, na ndege akianguka hai namchinja mwenyewe, hakukunja uso. Alimwita mbwa, akanisubiri na kisu changu.

Ila anatembea kama anakimbia deni! Mwenzangu ana goti bovu, na hilo tulilisema mapema. Chakula cha mchana, ambacho kimo kwenye bei, kikaja mkate wenye nyama ya nguruwe, na kwenye simu nilishamwambia sisi ni Waislamu. Tukashinda na kahawa na chipsi za pakiti.

Kidari ni cheupe, hakina mafuta, moto ukizidi kinakauka. Nilikipika cha kupaka kwa tui la kopo, na mke wangu, aliyeibeza safari nzima, ndiye aliyekomba sufuria.

Chagueni Oktoba mwishoni, majani yakishapukutika, mtaona vizuri zaidi. Leseni unajilipia, fulana ya rangi ya machungwa wanakuazima, chakula beba chako.