Kocha wa jimnastiki wa watoto hapa Dar, uzoefu wangu

Wamama wengi wananiuliza binti yangu anafanyia wapi jimnastiki na kama kweli panafaa, naandika hapa kwa kirefu ili kila mtu asome aamue mwenyewe.

Binti ana miaka 8, tunakaa Sinza. Kwa hapa Dar kocha wa mpira utampata kila mtaa, wa kuogelea nao wapo, ila wa jimnastiki ya watoto ndo kazi. Wengi utakaoelekezwa ni vijana wa sarakasi, na mimi wale vijana nawaheshimu sana, wanaruka kwenye tairi na mchanga mpaka unabaki mdomo wazi, ila jamani kujua kuruka na kujua kumfundisha mtoto ambaye mifupa bado inakua ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tulipo sasa ni ukumbi wa kukodi maeneo ya Mikocheni, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Kocha mkuu ni kaka aliyetokea hukohuko kwenye sarakasi akaenda kusomea ukocha, ana dada mmoja anamsaidia. Kocha mmoja watoto wanane, wakizidi anafungua kundi lingine. Nilimuuliza vyeti akavitoa palepale bila kununa, akanieleza na ngazi zenyewe, maana shirikisho la jimnastiki la dunia, FIG, lina kozi za makocha za ngazi tatu. Ulizeni vyeti wazazi wenzangu, kocha anayejiamini wala hakasiriki.

Ila kilichonifanya nikae pale ni namna anavyofundisha kuanguka. Wiki za mwanzo hamna cha kubinuka wala nini, watoto wanapanda kwenye kasha fupi la mbao, wanaruka chini kwenye godoro, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele, na yeye anageuka anawapa mgongo kabisa anasikiliza, akisikia kishindo anasema rudi. Anataka watue kama paka. Afu anawafundisha ukianguka kinyumenyume usitangulize mkono nyuma kujizuia, kunja mikono kifuani, kidevu kifuani, bingirika. Nikamuuliza kwanini anakomalia hilo, akaniambia mama, mkono ulionyooka ukipokea uzito wote wa mwili, kiwiko au kifundo cha mkono ndo kinaondoka, na mtoto ana sehemu laini karibu na ncha za mifupa, ndo panaporefukia, pakiumia vibaya mfupa unaweza ukakua umepinda. Siku binti alipoteleza nyumbani kwenye vigae akabingirika akainuka anacheka, nikaelewa hela yangu inaenda wapi.

Kabla ya hapo tulianzia sehemu nyingine, jina siliweki. Kule mzazi unamwacha mtoto mlangoni, mlango unafungwa, unaambiwa rudi baada ya saa moja na nusu. Binti akawa anarudi anachechemea, usiku analia paja, nilipombana akasema mwalimu anawakandamiza mabegani kwenye msamba mpaka washuke chini, ukilia unaambiwa vumilia. Nilimtoa wiki hiyohiyo. Msamba unakuja taratibu, misuli ikiwa ya moto, mtoto anashuka mwenyewe mpaka anapoweza, huyu kocha wa sasa hamgusi mtu begani kabisa, anawawekea tofali la sponji chini ya paja wanapumzikia hapo, wiki zikienda linapungua unene. Na binti ameshafika chini bila chozi!

La mlango sitanii nalo hata kidogo. Marekani, na ukubwa wao wote kwenye huu mchezo, daktari wa timu yao ya taifa Larry Nassar aliwadhalilisha wasichana kwa miaka mingi, kesi yake ya 2018 wasichana na wanawake zaidi ya 150 walisimama mahakamani wakaeleza, na wengine mzazi alikuwepo chumba hichohicho wakati inatokea, kwa hiyo hata ukiruhusiwa kukaa ndani usiinamie simu, angalia mikono ya mtu iko wapi. Hapa Mikocheni viti vya wazazi viko ndani, na kabla hajamshika mtoto kumsaidia kocha anasema kwa sauti nakushika mgongoni, sawa? anasubiri ajibiwe. Wasichana wakubwa anawashika yule dada.

Nguo pia lilikuwa linanisumbua, sisi waislamu na baba yake hakutaka zile za kuacha mapaja wazi. Kocha akasema avae taiti ndefu na tisheti ya kubana basi, akanikumbusha kwamba wasichana wa Ujerumani walishindana Olimpiki ya Tokyo na nguo zinazofika mpaka kwenye kifundo cha mguu na hakuna aliyewakatia alama kwa hilo. Mzee wa nyumba akaridhika.

Vifaa sasa. Magodoro mazuri, manene, hayanuki. Ule ubao wa kutembelea wamechongesha kwa fundi, upana uleule wa mashindano yaani sentimita 10, ila umelala sakafuni, wa mashindano unakuwa juu mita 1.25 na kocha anasema huko hatuna haraka. Zile nondo mbili, moja juu moja chini, hawana, na hilo linaniuma kidogo kwa sababu binti ameshaonyeshwa video ya Kaylia Nemour wa Algeria, yule aliyechukua dhahabu Paris 2024 kwenye nondo hizohizo, medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Afrika, na toka siku hiyo kila bomba analoliona anataka kuning'inia. Kama unataka mtoto afike mashindano makubwa muulizeni kocha mapema, mimi aliniambia wazi kwamba kwa vifaa alivyonavyo anaweza kumjengea msingi tu. Nimempenda zaidi kwa kuniambia hivyo. Na kubinuka kinyumenyume hewani, ambako binti anakuona TikTok kila siku, amekataa mwaka huu, amemwambia mpaka mikono na tumbo viwe na nguvu ya kutosha, na binti amenuna ila hajalegeza.

Mabaya yake: umeme ukikatika feni zinazima na ule ukumbi unakuwa joko, foleni ya jioni Jumatano ni mateso, na choo ni kimoja kwa watoto wote. Ada tunalipa 15,000 kwa kipindi, ukilipa mwezi mzima inashuka kidogo. Kwa wengi ni hela nyingi najua, mtoto wa pili anapunguziwa ukiomba.

Ukienda kumuona, mtoto awe amekula mapema, abebe maji yake, hereni zivuliwe, na nywele zifungwe zilale, rasta zenye shanga anazikataa kwa sababu akibingirika zinamchoma kichwani.